UZI: Kuwasha DMA kwenye UART ya chipu ndogo. Kuiwasha ni mistari tisa, kazi inaanza baada ya hapo

#1 pini_kumi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. DMA ni sehemu ya chipu inayohamisha data bila kuipitishia prosesa, na UART ni mlango wa kutuma na kupokea data biti kwa biti. Jambo hili la kuziunganisha limenila wiki mbili na sitaki limle mtu mwingine, kwa hiyo naandika kirefu. Mwenye chipu tofauti na yangu asikimbie, naamini wadau watajazia.

Kifaa changu kinatumia STM32F103 kwa 72 MHz. Kuna kihisi kinamwaga data kwenye USART1 (UART ya kwanza ya chipu) kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, hakipumziki. Kila baiti ikiingia, katizo (ishara inayoitaka prosesa iache kazi yake ihudumie kitu) linaitwa, msimbo unaichukua na kuiweka kwenye foleni. Mambo shwari, isipokuwa kila nilipohifadhi mipangilio kwenye flashi (kumbukumbu ya kudumu ya chipu) kuna ujumbe ulikuja umekatika katikati. Nikabadilisha waya. Nikakagua graundi. Nikashusha kasi, tatizo likapungua bila kuisha. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana waya mbovu haujui saa ambayo mtu anahifadhi mipangilio.

Mwishowe nikasoma bendera ya ORE (ya kufurika), biti ya 3 kwenye rejista ya SR (ya hali ya UART), na nikaifunga na LED. LED iliwaka kila nilipohifadhi na haikuwaka wakati mwingine wowote. ORE ikisimama maana yake baiti mpya imefika na ya zamani bado haijachukuliwa, basi mpya imemwagika.

Fuateni hesabu, ndiyo kiini cha yote. Baiti moja kwenye waya ni biti 10: ya kufungua, 8 za data, ya kufunga. Kwa 115200 hizo ni baiti 11520 kwa sekunde, yaani baiti moja kila mikrosekunde 86.8. Kufuta ukurasa mmoja wa flashi kwenye F103 huchukua milisekunde 20 hadi 40. Muda huo wote prosesa ikijaribu kusoma maelekezo kutoka flashi hiyohiyo inasimama. Msimbo wa katizo nao uko flashi, na jedwali la vekta (orodha ya anwani za makatizo) liko flashi. Katizo linabisha hodi na hakuna wa kufungua. Katika milisekunde 40 zinafika baiti 460, na UART hii ina nafasi ya baiti moja kwenye DR (rejista ya data) na nyingine inayokusanywa biti kwa biti nyuma yake. Zilizosalia zote zinakwenda na maji.

Kilichonichanganya muda mrefu ni kwamba kuandika kwenye flashi hakukupoteza kitu, ni kufuta tu. Jibu liko kwenye namba: kuandika nusu-neno moja kunachukua mikrosekunde 40 hadi 70, chini ya 86.8. Prosesa inasimama, inaamka, inadaka baiti, inasimama tena. Inapita kwa upenyo mwembamba, lakini inapita.

DMA haisomi maelekezo kutoka flashi. Inatoa baiti kwenye DR na kuitua SRAM (kumbukumbu ya muda), prosesa iwe macho au imeganda. Ndiyo maana kwenye tatizo hili kuongeza kipaumbele cha katizo kusingenisaidia hata kidogo.

```c
#define UKUBWA 1024
static uint8_t bafa[UKUBWA];

RCC->AHBENR |= RCC_AHBENR_DMA1EN;
DMA1_Channel5->CCR   = 0;
DMA1_Channel5->CPAR  = (uint32_t)&USART1->DR;
DMA1_Channel5->CMAR  = (uint32_t)bafa;
DMA1_Channel5->CNDTR = UKUBWA;
DMA1_Channel5->CCR   = DMA_CCR_MINC | DMA_CCR_CIRC
                     | DMA_CCR_HTIE | DMA_CCR_TCIE;
DMA1_Channel5->CCR  |= DMA_CCR_EN;
USART1->CR3 |= USART_CR3_DMAR;
USART1->CR1 |= USART_CR1_IDLEIE;
```

Mstari wa kwanza ukisahaulika, hiyo mingine yote ni kelele: DMA isiyo na saa haipokei unachoandika kwenye rejista zake, na ukizisoma zinarudisha sifuri. Mistari ya CPAR (data inakotoka), CMAR (inakokwenda) na CNDTR (idadi) lazima itangulie EN, kwa sababu chaneli ikishawashwa rejista hizo zimefungwa. Na chaneli 5 sikuichagua mimi. Kwenye F103 ramani imechorwa ndani ya chipu: USART1 inapokelea chaneli 5 na kutumia chaneli 4 kutuma, USART2 inapokelea 6 na kutuma kwa 7, USART3 inapokelea 3 na kutuma kwa 2. SPI2 ikituma kwa DMA nayo inaitaka chaneli 5, na hapo lazima mmoja ampishe mwenzake. Bora hilo lijulikane kabla bodi haijachorwa. Na msisahau kuwasha makatizo yote mawili kwenye NVIC (kidhibiti cha makatizo), la USART1 na la chaneli 5.

Sasa nifike kwenye lililonileta. DMA inabeba, haisemi. Katizo la kila baiti lilikuwa linakuambia "imefika moja". DMA inajaza bafa kimya kimya, na wewe ndiye wa kujua zimefika ngapi na umeishia wapi. Kinachokuonyesha ni CNDTR, inayohesabu kurudi chini kutoka 1024. Ukiitoa kwenye ukubwa wa bafa unapata mahali DMA ilipo sasa:

```c
static uint16_t nilipoishia;

void vuna(void) {
    uint16_t sasa = UKUBWA - DMA1_Channel5->CNDTR;
    if (sasa == UKUBWA) sasa = 0;
    if (sasa > nilipoishia) {
        weka_foleni(&bafa[nilipoishia], sasa - nilipoishia);
    } else if (sasa < nilipoishia) {
        weka_foleni(&bafa[nilipoishia], UKUBWA - nilipoishia);
        if (sasa > 0) weka_foleni(bafa, sasa);
    }
    nilipoishia = sasa;
}
```

`vuna()` inaitwa na matukio matatu: bafa ikifika nusu, bafa ikijaa, na laini ikinyamaza (IDLE). Ukiacha la nusu na la kujaa ukategemea IDLE peke yake, siku mtumaji akimwaga mfululizo bila kunyamaza DMA itazunguka na kukupita, na `sasa` ikilingana na `nilipoishia` huwezi kujua kama hakijafika kitu au zimepita 1024 kamili. Ukiacha IDLE, ujumbe mfupi wa baiti 12 utakaa ndani ya bafa ukisubiri wenzake, na kifaa kitaonekana kizito wakati data imeshafika zamani.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

#2 biti_nane

Mkuu, umeeleza vizuri sana. Swali la anayeanza: mimi natumia 9600, ujumbe wa baiti 20 kila sekunde. Nami nihamie DMA?

#3 pini_kumi (mleta uzi)

Kwa ulivyoeleza, hapana. Kwa 9600 baiti moja inachukua zaidi ya milisekunde 1, prosesa ina nafasi tele. Jiulize kitu kimoja tu: ni muda gani mrefu zaidi ambao prosesa yako haiwezi kuhudumia katizo? Kufuta flashi, kuzima makatizo kwa ajili ya kazi nyeti, katizo jingine lenye kipaumbele cha juu, jumlisha vyote. Kama muda huo ni mfupi kuliko baiti moja, katizo la kawaida linatosha. Ukizidi, DMA, au UART yenye FIFO (foleni yake ya ndani) ya kutosha. Ila kama nawe unafuta flashi, milisekunde 40 kwa 9600 bado ni baiti 38. Chunguza hilo kwanza.

#4 chuma_cha_solda

Uzi mzuri. Niongezee upande wa kutuma, huko ndiko nilikoumia.

Nilikuwa na fanksheni inayotengeneza ujumbe kwenye bafa ya ndani, `char ujumbe[32]`, inaita `sprintf`, inaanzisha DMA, inarudi. Kwenye skrini ya kompyuta nilitegemea `JOTO=27.4` na nilikuwa napata `JOT` halafu herufi zisizosomeka. Nikiweka breki ya dibaga ndani ya fanksheni, ujumbe unatoka mzima! Nikiondoa, uchafu unarudi. Nililaumu dibaga, nikalaumu kasi, nikalaumu kioo cha saa.

Sababu ni kwamba bafa ile iko kwenye staki, kumbukumbu ya muda ambayo fanksheni huachiana. Fanksheni ikirudi, eneo lile si lake tena, anayeitwa baadaye anaandika juu yake. DMA haina habari: ilipewa anwani, na kila mikrosekunde 86.8 inakwenda kuchukua baiti moja palepale. Herufi tatu za kwanza ziliwahi kutoka kabla ya staki kufunikwa. Breki ya dibaga ilisimamisha prosesa na DMA ikaendelea kutuma kwa raha zake, ndiyo maana ujumbe ulitoka mzima.

Niliweka `static`, na juu yake bendera inayokataza kugusa bafa hadi DMA imalize. `static` bila bendera haitoshi, maana wito wa pili utaandika juu ya ujumbe wa kwanza ambao uko njiani.

#5 laini_kimya

#4 amegusa penyewe: ukishaipa DMA anwani, ile kumbukumbu umeiazimisha. Usiiguse hadi irudishwe.

Na "irudishwe" yenyewe ina mtego kwa watu wa RS-485 (waya mmoja wa pamoja wa kutuma na kupokea kwa zamu). Kwenye RS-485 kuna pini ya kuelekeza, DE: juu unatuma, chini unasikiliza. Nilikuwa naishusha ndani ya katizo la DMA kumaliza. Kila ombi la Modbus (itifaki ya mashine za viwandani) nililotuma halikujibiwa. Kwenye oskiloskopu naona ujumbe, naona kama uko sawa kabisa. Ikabidi nihesabu baiti moja moja kwenye skrini: kati ya 8 zilionekana 6, na mwishoni laini inaachiwa ghafla katikati ya biti.

DMA ikisema imemaliza, maana yake imeweka baiti ya mwisho kwenye DR. Wakati huo ya kabla yake bado inasukumwa nje biti kwa biti. Kwa hiyo baiti mbili hazijatoka, na kwenye Modbus RTU baiti mbili za mwisho ndizo CRC yenyewe (namba ya kukagua makosa). Mpokeaji anaona ujumbe usio na CRC, anautupa, ananyamaza, na ana haki.

Dawa: katizo la DMA likifika, washa TCIE ya UART, na ushushe DE kwenye katizo la TC. TC ndiyo inayosema biti ya kufunga ya baiti ya mwisho imeshatoka. Kwa 9600 tofauti ya hayo mawili ni karibu milisekunde 2, si kitu cha kupuuza.

#6 biti_nane

Nashukuru mkuu #3. Nimepima, nafuta flashi kweli, na baiti zinapotea kweli, nilikuwa sijagundua kwa sababu msimbo wangu unaomba ujumbe upya kimya kimya. Narudi kusoma.

Nina jingine. Natumia maktaba ya HAL (ya mtengenezaji wa chipu), `HAL_UART_Transmit_DMA`. Ujumbe wa kwanza unatoka, wa pili na kuendelea vinarudisha HAL_BUSY. Nimekosea wapi?

#7 laini_kimya

Umewasha katizo la chaneli ya DMA kwenye NVIC ukasahau katizo la USART yenyewe. Ni lilelile la TC. HAL hairudishi hali kuwa tayari pale DMA inapomaliza, inasubiri TC, na TC inakuja kupitia katizo la USART. Washa USART1_IRQn, utapona. Na uhakikishe uanzishaji wa DMA unaitwa kabla ya uanzishaji wa UART. Ukigeuza mpangilio, UART inaandika kwenye rejista za DMA ambayo bado haina saa, kama alivyosema mleta uzi.

#8 kasi_kubwa

Naomba nipingane kidogo na #1. Mbona unajisumbua na nusu na kujaa? Mimi naweka bafa kubwa kuliko ujumbe mrefu zaidi, IDLE ikifika najua ujumbe umekamilika, nauchakata, naanzisha DMA upya. Ni rahisi na unafanya kazi miaka yote.

#9 pini_kumi (mleta uzi)

Mkuu #8, njia yako ni halali pale unapommiliki mtumaji na una hakika hapumui katikati ya ujumbe. Mashaka yangu ni mawili.

La kwanza, IDLE inasema jambo dogo kuliko tunavyoipa. Inasema laini imenyamaza kwa muda wa fremu moja, kwa 115200 ni hizo mikrosekunde 86.8. Basi. Mtumaji akiwa kompyuta inayopitia adapta ya USB, data inasafirishwa kwa vifurushi, na kati ya kifurushi na kingine pengo la ukubwa huo ni la kawaida kabisa. Ujumbe mmoja utaufikiria ni miwili. Modbus RTU yenyewe inataka ukimya wa herufi 3.5 kabla ya kusema ujumbe umekwisha, na juu ya 19200 inapendekeza milisekunde 1.75 isiyobadilika. Kwa 115200, 1.75 ni kama fremu 20. IDLE italia mapema mno. Kwangu IDLE ni mtu anayenigusa bega kuniambia "kachungulie bafa". Wapi ujumbe umeanza na wapi umeishia nakisoma ndani ya data yenyewe: urefu, alama ya mwisho, au CRC.

La pili ni hapo unaposema unaanzisha DMA upya. Kati ya kuizima na kuiwasha kuna muda usio na mpokeaji. Ni mfupi, lakini prosesa ikiganda katika muda huo, umerudi kwenye tatizo langu la mwanzo. Bafa ya mzunguko haisimami kamwe.

#10 kasi_kubwa

Hilo la USB limenifungua macho. Nina kifaa kimoja kinakataa amri ndefu zikitoka kwenye kompyuta moja tu, na kinazikubali zikitoka kwenye nyingine. Nitajaribu kusoma urefu ndani ya ujumbe badala ya kuamini ukimya.

#11 chuma_cha_solda

Mleta uzi, nina swali kwako. Umesema 40 ms ni baiti 460 na bafa yako ni 1024. Unapohifadhi mipangilio unafuta kurasa ngapi mfululizo?

#12 pini_kumi (mleta uzi)

Mbili, mkuu. Na umenikamata: 80 ms ni baiti 922, pamoja na zilizokuwa ndani ya bafa bila kuvunwa kabla ya kuanza kufuta. Katika hali mbaya zaidi 1024 haitoshi. Nimebadilisha sasa hivi: naita `vuna()` kabla ya kufuta na tena kati ya ukurasa na ukurasa, makatizo yakiwa yamezimwa kwa mikrosekunde chache zile ili lisije katizo likaiita fanksheni ileile juu yake. Asante sana, hili lingenirudia baada ya miezi.

Hilo la kuita juu yake lina ndugu yake. Katizo la DMA na katizo la USART yote mawili yanaita `vuna()`. Yakiwa na vipaumbele tofauti, moja linaweza kumkata mwenzake katikati, baada ya kusoma `sasa` kabla ya kuandika `nilipoishia`, na baiti zilezile zikaingia foleni mara mbili. Wapeni kipaumbele sawa, hakuna atakayemkata mwingine.

Jambo dogo kwa wa F1 na F4: IDLE inafutwa kwa kusoma SR kisha DR. Ukisoma DR ovyo ovyo unaweza kuiba baiti ambayo DMA ilikuwa inaijia. Soma pale tu bendera ya IDLE imesimama, mara moja.

#13 fundi_redio

Kwa wenzangu wa Nordic: nRF52 ina UARTE, na DMA yake (EasyDMA) inafika RAM tu, haifiki flashi. Ujumbe wa `const char` ambao kompaila imeuweka flashi hautumiki moja kwa moja, unakili RAM kwanza. Kwenye nRF52832 urefu wa uhamisho mmoja unaishia baiti 255, kwenye nRF52840 ni hadi 65535. Na ile hila ya CNDTR haipo: RXD.AMOUNT inajazwa uhamisho ukiisha, si wakati unaendelea. Wengi tunachukua taima moja, tunaiweka hali ya kuhesabu, tunaiunganisha na tukio la RXDRDY (baiti imefika) kupitia PPI, njia ya ndani inayounganisha matukio. Kila baiti inaongeza moja bila prosesa kuguswa.

#14 fundi_redio

Na RP2040, nilisahau. Chaneli 12 na yoyote inafaa UART yoyote, unachagua DREQ tu (namba ya ombi la data la kifaa): 20 na 21 ni UART0 kutuma na kupokea, 22 na 23 ni UART1. Bafa ya mzunguko ipo, ila ukubwa lazima uwe kipeo cha 2 na anwani ya bafa ilingane na ukubwa huo. Wengi hawalijui hili: anwani ndiyo inayozunguka, hesabu ya uhamisho haizunguki. Ukiweka hesabu kubwa kuliko zote, 4294967295, ukadhani ni milele, kwa 115200 laini ikiwa na kazi muda wote inakwisha baada ya siku 4 na saa kadhaa, na upokeaji unasimama kimya. Tumia chaneli mbili zinazoamshana, kila moja na hesabu iliyo kigawe cha ukubwa wa bafa, ili mwenzake aanze pale pa mwanzo.

#15 mgeni_wa_saba

Wakuu nisaidieni. Nimenakili utaratibu huu kwenye STM32H743 (nimebadilisha rejista, natumia DMA1 strimu 0 na DMAMUX). Bafa inabaki sifuri tupu. UART inapokea, nikisoma RDR (rejista ya kupokea) kwa mkono naona data. Nikichungulia DMA, bendera ya TEIF (hitilafu ya uhamisho) imesimama.

#16 laini_kimya

Anwani ya bafa yako ni ipi? Angalia kwenye faili la ramani.

#17 mgeni_wa_saba

0x20000A40.

#18 laini_kimya

Ndiyo hiyo. 0x20000000 kwenye H743 ni DTCM, kumbukumbu iliyoshikamana na prosesa, na DMA1 na DMA2 hazina njia ya kuifikia. TEIF inakuambia imegonga ukuta. Hamishia bafa kwenye RAM ya AXI, 0x24000000, au SRAM1 ya 0x30000000 (hiyo ya pili washa saa yake kwanza). Waliowahi kutumia F407 wanalijua toleo lake: CCM ya KB 64 kwenye 0x10000000, nayo DMA haiioni.

#19 mgeni_wa_saba

Nimehamishia 0x24000000, TEIF imeondoka, CNDTR… samahani, NDTR, inashuka. Lakini ninachosoma kwenye bafa ni ujumbe wa kwanza tu. Ya baadaye haibadiliki, ingawa dibaga ikionyesha kumbukumbu naona ya sasa!

#20 pini_kumi (mleta uzi)

Kache, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo kati ya prosesa na RAM. Prosesa ya M7 ilisoma bafa mara ya kwanza ikabaki na nakala kwenye kache ya data. DMA inaandika kwenye RAM, haipiti kwenye kache, na prosesa inaendelea kusoma nakala yake ya zamani. Kabla ya kusoma sehemu mpya ita `SCB_InvalidateDCache_by_Addr` kwenye sehemu hiyo, na upande wa kutuma ita `SCB_CleanDCache_by_Addr` kabla ya kuanzisha DMA. Mstari mmoja wa kache ni baiti 32.

#21 mgeni_wa_saba

Inafanya kazi! Nashukuru sana. Ila kumeibuka kioja: nina kihesabio cha ujumbe, `idadi`, hakina uhusiano wowote na DMA. Kinapanda 41, 42, 43, halafu kinarudi 41. Kabla ya kuongeza mstari wa Invalidate hakikuwa hivi.

#22 chuma_cha_solda

Bafa yako ina baiti ngapi, na `idadi` iko anwani gani?

#23 mgeni_wa_saba

Bafa ni 1000, inaanzia 0x24000000. `idadi` iko 0x240003E8. Mara tu baada ya bafa.

#24 chuma_cha_solda

1000 haigawanyiki kwa 32. Mstari wa mwisho wa kache una baiti 8 za bafa na 24 za majirani, na `idadi` ndiye jirani wa kwanza. Prosesa inaandika 43, inabaki kwenye kache, haijashuka RAM. Wewe unafuta mstari huo ili kusoma bafa upya, 43 inafutwa pamoja nao, na ukisoma tena unapata 41 iliyokuwa RAM. Anzisha bafa kwenye kigawe cha 32 (hapo umebahatika, tayari iko) na ukubwa nao uwe kigawe cha 32. Kama hutaki kufikiria kache kila mara, tenga eneo la mabafa ya DMA kwa MPU (kitengo cha kuwekea maeneo ya kumbukumbu masharti) na ulitangaze lisiwekwe kwenye kache.

#25 mgeni_wa_saba

Nimeweka 1024. `idadi` imepita 9000 na haijarudi nyuma hata mara moja. Kesho nahamia MPU.